Simba wa Mutanga Sud

Binti yangu alikuwa na miaka tisa aliporudi kutoka shuleni na neno jipya mdomoni: Halowini. Rafiki yake mmoja, anayekaa mtaa wa Kinindo, alikuwa amemwonyesha picha za mbwa waliovalishwa nguo kwa siku hiyo.

"Mama, na umbwa wetu avae. Nitamufanya simba."

Mbwa wetu alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Tulimchukua alinde geti hapa mtaani kwetu Mutanga Sud, ila kazi yake kubwa ilikuwa kulala juu ya viatu vya mume wangu. Nilikubali. Tukawaalika watoto sita wa majirani waje saa kumi alasiri.

Shida ilikuja siku moja kabla, pale mama mkwe wangu alipofika kutoka mtaa wa Kinama kusali nasi Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote. Alimkuta binti yangu chini barazani, anamfunga mbwa vipande vya gunia shingoni.

"Hii ni sikukuu ya nani?" akaniuliza.

Nilijaribu kueleza, lakini nilipofika kwenye mafuvu na mizimu akanikatiza.

"Mukazana wangu, kesho kutwa tunaomba watakatifu, na kesho munacheza na mashetani?"

"Apana, mama. Hakuna shetani hata mumoja. Watoto watavaa kama wanyama tu."

Hilo nililitunga papo hapo. Jioni ile ikabidi nizunguke kwa majirani wote sita, mlango kwa mlango, kuwaeleza kwamba ni wanyama peke yake. Niliporudi, mama mkwe alikuwa bado amesimama mbele ya mbwa, mikono kiunoni.

"Simba gani huyu? Anafanana na mufagio."

Huyu ni mwanamke ambaye tangu nimjue hakuwahi kumgusa mbwa. Alitoa kwenye mfuko wake uzi wa manjano aliokuwa akifumia kitambaa cha meza, akamwamuru binti yangu apime shingo kwa kamba. Mtoto alipokosea mara mbili, bibi alipiga magoti, akapima mwenyewe. Mbwa akamlamba mkono. Bibi akaupangusa kwenye kitenge, akaanza kufuma nywele za simba.

Siku yenyewe walikuja pundamilia, kuku wawili, chui, sungura na mmoja aliyesema yeye ni kiboko ingawa alivaa koti la mvua la baba yake. Simba alitembea kati yao, nywele za manjano zikimcheza shingoni. Watoto walikula keki, na mbwa tulimpa ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Sungura alitaka kumpa chokoleti yake, nikamwahi mkono.

"Usimupe hiyo, mutoto wangu. Shokola inagonjwesha umbwa."

Kisha mume wangu akarudi kutoka kazini. Hakuniambia kitu, kumbe ameazima kwa mwenzake wa ofisini kinyago cha sokwe, na amekivaa hapo nje ya geti. Aliingia akinguruma. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mbwa wetu, ambaye hata wezi wa maembe aliwapokea kwa mkia, aliruka kutoka barazani, akajiweka mbele ya watoto na kubweka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akamkamata sokwe kwa suruali.

"Ni mimi! We umbwa, ni mimi!"

Aliendelea kuvuta. Nilimkimbilia nikamshika shingoni, mume wangu akavua kinyago. Mbwa alimtazama, akanusa kiatu, akaachia. Masikio yote mawili yakalala. Akaenda kujificha nyuma ya mama mkwe, ambaye alikuwa akicheka hadi machozi.

"Vizuri sana," alimwambia mbwa. Halafu akamgeukia mwanawe: "Mutu muzima, na kazi ya serikali!"

Suruali ilikuwa imechanika hadi gotini. Nilipoona mbwa bado anatetemeka, nilimwambia binti yangu tumvue zile nywele, na yeye, bila kubisha, akafungua mafundo moja moja huku akimwomba msamaha. Mume wangu naye alikaa chini sakafuni na suruali yake iliyopasuka, akamngoja mbwa. Ilichukua muda, ndagala watano hivi, mpaka mbwa akaja kumlalia miguuni, na watoto wakarudi kwenye keki.