Pingili ya Mwisho ya Ua la Limau

Mama yangu alipoanza kuniita "mwalimu" nilidhani ananitania. Kweli nafundisha, darasa la tatu, shule ya msingi, na mdomo wa kazi hiyo narudi nao mpaka nyumbani. Basi nilipomwekea uji wa ulezi akasema, "Asante, mwalimu," nami nilimjibu, "Karibu, mwanafunzi," tukacheka wote wawili. Wiki kadhaa zilipita kabla sijagundua kwamba yeye hakuwa akitania. Kuna siku alinijua vizuri kabisa, na kuna siku nilikuwa tu mwalimu fulani mwenye roho nzuri aliyempa chumba.

Tulimhamisha kutoka kijijini Pito mwezi wa tano, mvua zilipokatika. Alikuwa akisahau sufuria motoni, na msimu huo majirani walimkuta shambani aking'oa mahindi machanga akidhani ni magugu. Kaka yangu akasema mama aje kwangu, binti yake, huku mjini Kizwite, yeye abaki kuikarabati nyumba. Mama hakubisha. Alifunga khanga zake, akavaa rozari shingoni, akasimama mlangoni akauliza jambo moja tu.

"Na ua langu?"

Ua lenyewe lilikuwa chini ya dirisha lake. Wanaojua maua wanaliita jeraniamu, sisi tuliliita ua la limau. Vijiua vyake havina maana, vidogo na vimepauka. Thamani yake iko kwenye majani, maana ukiyagusa tu na upindo wa gauni yananukia limau. Sista mmoja wa misheni alimpa mama kijitawi zamani, mama akiwa mfuaji huko, kabla mimi sijazaliwa. Jani bichi tulitia kwenye chai ya rangi. Makavu alipanga katikati ya nguo za Jumapili, kwa hiyo utotoni nilijua ni siku ya misa kabla sijafumbua macho.

"Tutalifuata, mama," nikamwambia. Gari lilikuwa limejaa magodoro na mimi nilikuwa na haraka. Najilaumu kwa haraka hiyo mpaka leo.

Niliporudi Pito baada ya wiki mbili, mafundi walikuwa wamekorogea zege palepale chini ya dirisha. Kaka alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kosa lake, akauliza, "Kwani lilikuwa na kazi gani?" Nilipiga magoti nikafukua kokoto kwa mikono. Tawi moja lilikuwa bado kijani. Nikalikata pingili tano, nikazifunga kwenye leso iliyoloa maji, nikazipakata njia nzima.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kila asubuhi mama aliuliza, "Ua langu limefika?" Watoto wangu aliwasahau, mtaa aliusahau, hata msiba wa baba ilibidi tumweleze upya, akalia upya. Ua hakulisahau. Nikaingiwa na wazo ambalo sikumwambia mtu: hilo ua ndilo kamba ya mwisho iliyomfunga na sisi, na likifa mikononi mwangu, atakuwa amekwenda. Najua ni wazo la kijinga. Lakini ndilo nililoamka nalo na kulala nalo.

Nikafanya kila nililojua, na ninalojua ni la Kifipa. Sisi Wafipa mvua zinapoelekea ukingoni tunafukia majani chini ya matuta ya mviringo, yanaoza humo, msimu unaofuata tunapanda juu yake na mahindi yanatoka yamenenepa. Udongo mweusi wa tuta ndio dawa ya kila kitu kwetu. Nikachota udongo huo shambani kwa jirani, wenye majani ambayo hayajamaliza kuoza, nikajaza makopo matano ya maziwa ya unga. Nikachomeka pingili. Nikamwagilia asubuhi kabla ya shule, mchana niliporudi, na jioni kwa sababu ya wasiwasi. Usiponiona na vitabu vya watoto ulinikuta na jagi la maji.

Mwezi wa sita baridi ya Sumbawanga ikashuka na upepo wake. Pingili ya kwanza ikaanza kuingia weusi chini, pale inapogusa udongo, weusi ukapanda polepole mpaka majani yakalala. Nikaongeza maji. Ya pili ikafuata. Nikaongeza udongo wa tuta. Ya tatu na ya nne zilikufa katika wiki moja, nikazitupa kwa siri kwenye shimo la taka, nikarudi ndani mama akiniuliza, "Limefika?"

"Liko njiani, mama."

Sijawahi kumdanganya mtoto darasani kama nilivyomdanganya mama yangu wiki zile.

Ikabaki moja. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta kopo lake tupu, udongo umemwagwa uani, na mama ameketi kwenye kigoda mikono michafu. Kilichonitoka sikukipima. "Mama, umelitupa! La mwisho, umelitupa!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mama alijikunyata, akaficha mikono ndani ya khanga, akasema kwa sauti ndogo ya mwanafunzi aliyekosa, "Samahani, mwalimu."

Niliona aibu hata pa kusimama nikakosa. Ndipo nikaiona pingili. Ilikuwa dirishani, imelazwa juu ya kipande cha gunia. Sehemu nyeusi yote ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mmoja safi, na majani ya chini yameondolewa.

"Kidonda kikauke kwanza," alisema, akiwa bado ananiangalia kwa woga. Kisha akanyanyua ule udongo wangu mweusi, akaunusa, akautupa. "Hapa unapanda ua au unapanda mpunga?"

Siku mbili pingili ile ilikaa dirishani bila tone la maji, na mimi roho juu. Siku ya tatu aliagiza mchanga na changarawe. Akageuza kopo, akatoboa kitako chake kwa msumari na jiwe, matundu manne. Hilo la matundu sikuwa nimelifikiria kabisa, mtu mzima na cheti changu cha ualimu. Akapanda, akamwagia maji ya kiganja kimoja, akaniondolea jagi mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kiberiti.

Mwezi wa saba wote nilikuwa nikilichungulia kopo kabla ya kunawa uso. Mara moja nilijaribu kufukua kwa kidole nione kama kuna mzizi, mama akanichapa mkono. Ua halikufa. Wala halikukua. Lilisimama tu, nami nikasimama nalo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, jua likiwa limeanza kupata nguvu, nilikuta jani jipya dogo kama ukucha, limekunjamana. Nilimwita mama uani kwa sauti ambayo ilimtisha tena. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwekea kopo mapajani. Alilisugua lile jani kubwa la zamani, akanusa vidole vyake, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Limerudi, mama," nikasema. "Ua lako hilo."

Akatikisa kichwa. "Si langu. Hili ni la binti yangu. Alikuwa halali mpaka ashike jani lake mkononi, alipokuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa kiganja, chini ya goti. Kisha akanisogelea, akapunguza sauti kama anayeteta. "Likikua utampelekea, mwalimu. Mimi njia naisahau. Lakini umwambie asilimwagilie kila saa. Mtoto wangu yule ana wasiwasi sana. Ana wasiwasi tangu utotoni."

"Nitamwambia, mama," nikasema, nikaliweka chini jagi la maji nililokuwa nimelishika.