Ndama wa Shangazi

"Wafugaji wamejaa eneo zima, nyie mmemwona shangazi tu!" Binti alitupa ufagio chini. "Siendi. Nitatafuta mwingine wa kunisainia."

"Hutafuti mwingine." Mama yake alikuwa akimenya viazi, hata macho hakuinua. "Katibu wa chama kasema anataka saini za wafugaji watatu, na mmoja lazima awe shangazi yako, maana ndiye anayewajazia makopo ya maziwa. Wawili umeshawapata. Umebakiza damu yako mwenyewe ndiyo unaleta madeko."

"Siyo madeko, mama."

"Ni nini basi? Dada wa baba yako amekukosea nini? Mabuti ya chuoni alikununulia nani, mimi?"

Binti akaokota ufagio, akaanza kufagia. Mama angekuwa makini angeshtuka hapo hapo, kwa kuwa mtoto yule tangu ajue kusema hajawahi kukosa jibu.

Mtaani walimwita Glavu. Alijitakia mwenyewe. Aliporudi kutoka chuo cha mifugo alifua glavu zake za plastiki, zile ndefu za kufika begani, akazianika kamba moja na mashuka ya mama yake. Jirani akauliza hizo soksi za nani. Akaambiwa si soksi, ni za kuingizia mkono ndani ya ng'ombe. Akauliza kwa mlango upi. Alipojibiwa, alikaa wiki nzima hajaja kuomba chumvi.

Miaka mitatu alisoma. Baba yake alitaka awe nesi, akamwambia babu yake alifuga maisha yake yote bila kushika kalamu, sasa darasani wanamfundisha nini, kulia moo? Binti alienda hivyo hivyo. Alijifunza kuchanganya chakula cha kuku, kuhifadhi majani ya kiangazi, kupima maziwa yaliyotiwa maji, kukagua nyama. Mwisho wa masomo mwalimu aliwasomea kazi zinazowangoja, akihesabu kwa vidole: ugani, viwanda vya chakula cha mifugo, maabara za maziwa, machinjio, maduka ya dawa, mashamba makubwa. Walitoka pale vifua mbele. Mwaka ulipopita, mmoja alikuwa kiwandani anabeba pumba na mashudu, mmoja anauza dawa za minyoo kaunta, na aliyekuwa wa kwanza darasani anauza simu.

Glavu alijishikiza kwenye chama cha wafugaji kwa majaribio. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija: mbegu za dume hukaa kwenye mirija myembamba ndani ya mtungi wa baridi kali, mtaalamu anauyeyusha mmoja, anaupitisha kwenye mlango wa kizazi, basi, dume hahitajiki. Sasa chama kilitaka kuajiri mtu wa kudumu, mwenye pikipiki na mtungi wake. Zile saini tatu ndizo zilizosimama kati yake na kazi hiyo.

Kilichomfanya aikwepe saini ya shangazi ni jambo la wiki tatu nyuma.

Asubuhi hiyo shangazi alipiga simu. "Yule mweusi wangu analia tangu alfajiri, anawapanda wenzake. Ule mrija wako wa kwanza haukushika. Njoo mbio!"

Ng'ombe wengine wawili walikuwa wakimsubiri upande wa pili wa mji. Chuoni walifundishwa kwamba wapo ng'ombe wachache wanaolia na kupanda wenzao kama wanaotaka dume, ilhali wana mimba, kwa hiyo mtu aingize mkono kwanza, apime, ndipo afungue mtungi. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, Glavu akalipata lote. Lakini siku ile alianza na mrija. Akautoa, akauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu. Na mrija ukishayeyuka haurudi mtungini.

Alipoingiza mkono alikuta mlango wa kizazi umekaza, na ule ute wa kuvutika wa ng'ombe anayetaka dume haupo. Moyo ukamwambia asimame. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, hatua tatu tu, nalo lingemwambia kwamba ng'ombe yule alipandishwa miezi minne nyuma na hajapimwa mimba. Lakini mrija ulikuwa unamfia mkononi, na shangazi yuko pale anamtazama kwa fahari. Nani anataka kuonekana anababaika? Akasukuma.

Siku ya tano ng'ombe akatupa mimba. Ndama mdogo kama paka, kwato bado laini.

Shangazi hakumshuku yeye. Alimshuku mkamuaji, mzee mwenye wajukuu, aliyekamua pale miaka kumi na moja. "Umempiga fimbo ya tumbo!" Mzee akaapa, akaapa tena. Akafukuzwa siku ile ile. Glavu alikuwa amesimama pembeni anaandika dawa ya kumsafisha ng'ombe kizazi. Aliandika mpaka mwisho wa mstari.

Basi mama alimaliza viazi vyake, akajifuta mikono, akamkokota mpaka kwa shangazi.

Walimkuta amechuchumaa zizini anakamua mwenyewe, maziwa nusu ndooni, nusu miguuni.

"Karibuni, wifi. Mnaniona? Mikono imevimba mpaka kijiko kinanishinda. Tangu nimfukuze yule muuaji sijapata mtu." Akamgeukia Glavu, uso ukanawiri. "Mwanangu, lete hiyo karatasi. Niandike nini? Niandike hana mfano?"

Akaiweka juu ya kopo la maziwa, akashika kalamu, akaanza kuandika jina lake herufi moja moja.

"Shangazi, usisaini," Glavu alisema.

"Kwa nini, nimekosea mstari?"

"Yule mzee hakumpiga ng'ombe. Mimba niliitoa mimi. Nilimpandisha akiwa tayari ana mimba. Sikupima."

Mama yake alishika kichwa. "Wewe mtoto! Unajichongea kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Nyamaza kidogo, wifi." Shangazi hakuinua sauti, na hapo ndipo Glavu alipoogopa. "Ulijua lini?"

"Nilipomwona ndama chini."

"Na mzee ulimwona anatoka na kifurushi chake?"

"Nilimwona."

Shangazi alimrudishia kalamu. Karatasi akaikunja mara nne, akaitia kifuani. "Saini yangu hupati. Na ndama wangu nakudai. Sitaki hela, sitaki machozi, utanizalishia mwingine. Sasa vaa viatu twende kwa yule mzee. Wewe tangulia. Mimi peke yangu sina uso wa kumtazama."

Walimkuta mlangoni kwake anasuka kamba ya kiti. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. "Nilisema wee," akajibu, "mkaniona kama redio." Kazini alirudi kesho yake, kwa kuwa wajukuu wanakula. Salamu ya Glavu hakuitikia.

Kazi ya chama alipewa kijana mwingine. Glavu akaangukia machinjio, kwa mkataba wa miezi sita sita. Anaingia kabla hakujakucha, mabuti meupe, kisu kiunoni, anapasua maini kutafuta minyoo na kugonga mhuri. Kinachomsumbua si damu. Ni pale wanapomchinja ng'ombe jike na tumboni anakutwa na mtoto. Wenzake wanaendelea na kazi. Yeye hutoka nje kidogo.

Ng'ombe wa shangazi alipopona na kuanza kulia tena, Glavu alikwenda siku yake ya mapumziko. Mtungi, wa kuazima chamani, aliuacha nje umefungwa. Alipima kwa muda mrefu hata shangazi akasema, "Umelala humo ndani?" Aliporidhika ndipo akatoka kuufuata mrija. Miezi mitatu baadaye akarudi kupima mimba, akaikuta.

Ng'ombe alizaa adhuhuri ya Jumapili. Mzee alimvuta ndama kwa miguu, Glavu akamsafisha pua. Shangazi akainama, akainua mkia wa ndama, akasonya.

"Dume! Hata kulipa deni unalipa kwa mkono wa kushoto."

"Shangazi, jike siwezi kuahidi."

"Najua huwezi. Nakutania." Akampa kitambaa ajifute. Ndama alikuwa anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. "Haya, mimi na wewe tumemalizana. Sikudai."

Kisha akamwonyesha kwa kidevu yule mzee, aliyekuwa amewapa mgongo anasuuza ndoo.

"Deni la yule," akasema, "mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."