Masahihisho ya Mwisho

Nccc! Msonyo huo wa marehemu ndio Kobia alioungoja mazishini Kanyakine, mheshimiwa alipopaza sauti: "Hii mwalimu yetu ilitusaidia mambo mingi!" Jeneza likanyamaza. Hata baada ya kustaafu, mwalimu huyo wa Kiswahili alisahihisha kadi za harusi, mabango ya kampeni na misalaba ya makaburini. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wenye wajukuu, walimwamkia kwa Kimeru wasije wakakosea ngeli. Alipozidiwa, alidai aonyeshwe wasifu utakaosomwa siku ya kumzika. Kobia, mmoja wa wanafunzi hao, aliyeuandika, aliuleta. Kalamu nyekundu ilitambaa hadi penye "alipendwa na wote", ikasimama hapo.

"Nimekosea ngeli, mwalimu?"

"Ngeli ni sahihi, mwanangu," alinong'ona. "Lakini ni kweli?"