Nilitoa feni kwenye graphics card, nikapoteza sauti ya marehemu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nimefuatilia ule mjadala wa kama graphics card kubwa, ile kadi ya picha ndani ya kompyuta, inaweza kupoozwa bila feni. Wengi mnajibu kwa kuangalia video za mtandaoni. Mimi nimefanya. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina studio ndogo ya video hapa Bariadi. Harusi, misiba, kwaya.

Chumba changu kilikuwa sehemu ya ghala la pamba enzi za ushirika. Walipoingia wanunuzi binafsi, ghala likakatwa vyumba vya biashara. Ng'ambo ya ukuta kuna kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukianza, nyuzi zinaingia kila mahali.

Feni za kadi yangu zilikuwa zinanasa. Kila wiki nafungua, natoa pamba utadhani napasua mto. Mwisho feni moja ikafa kabisa.

(Spea niliulizia mpaka Mwanza. Hamna.)

Nikampelekea wazo Limbu, fundi redio, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Akatoa heatsink ya amplifaya mbovu, bonge la alumini la kunyonya joto, akalikata, tukalibana juu ya chip.

"Itahimili?" nikamuuliza.

"Kwenye amplifaya ilihimili. Ila usiifungie kwenye case ya kompyuta. Iache wazi ipate hewa."

Nikaifungia. Nilikuwa nimechoka na pamba.

Ilikuwa Julai, kuna kaubaridi. Nikapiga kazi siku tatu, joto halikuvuka nyuzijoto 70. Kimya kabisa. Nikajiona fundi.

Agosti akanifuata Mzee Masunga, mfugaji wa Lalago. Mke wake alikuwa na uvimbe kooni, anapelekwa Mwanza kupasuliwa, na daktari alishawaambia huenda sauti isirudi. Mama alitaka arekodiwe akiongea na watoto wake. Hasa Kabula, binti yao aliyeolewa Songea, hawajaonana miaka mingi.

Nikaenda. Yule mama alikaa kwenye kigoda akaongea karibu saa nzima, Kisukuma kitupu, sauti inakwaruza.

Mimi ni Msukuma, kila neno naelewa. Lakini nilikuwa nimevaa headphone, nahangaika na upepo kwenye mic. Nilisikiliza upepo. Maneno nilijua nitayakuta kwenye rekodi.

Nikahamishia rekodi kwenye diski ya kompyuta, nikafuta memory card ya kamera. Kesho yake nilikuwa na harusi Maswa.

Oktoba yule mama akafariki. Mzee akapiga simu, akaomba video iwepo msibani. Kabula alikuwa njiani.

Nilikuwa bado sijaigusa, nikaanza kusafisha sauti na ku-render, yaani kuitoa video kamili, asubuhi ile ile. Joto la Oktoba huku mnalijua. Kwenye skrini chip ikasoma 84. Nikasema bado ni salama, nikatoka kunywa chai.

Nisichojua ni kwamba bonge letu lilifunika chip peke yake. Vile vipande vidogo vya pembeni vinavyoigawia chip umeme, ambavyo cooler iliyokuja na kadi huwa inavigusa, tuliviacha uchi. Na joto lake mimi sikuwa nalisoma popote.

Niliporudi nikakuta moshi. Nikachomoa waya ukutani.

Kadi ilikuwa imetoboka. Diski ilikaa juu yake, vidole vitatu tu. Limbu akaja mbio, akaijaribu kwenye mashine nyingine. Haikuzunguka.

"Una kopi?" akaniuliza.

Nikamwambia memory card nilishaifuta.

Kesho yake nikaenda Lalago. Sikutaka kusema kwa simu.

"Mwadila, baba," nikamsalimia mzee.

"Mwadila, ng'wanone," akaitikia, yaani mwanangu. "Umekuja nayo?"

Nikamweleza. Mzee akasema, "Mimi nimeishi naye. Kamwambie Kabula mwenyewe."

Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama. Nikamweleza. Hakulia.

"Si wewe ulikuwepo anaongea?"

"Nilikuwepo, dada."

"Basi niambie alisema nini."

Nikamwambia mama alianza kwa kumtaja yeye. Nikamwambia alisema asigombane na kaka zake kwa ajili ya ng'ombe.

"Halafu?"

Nikatafuta kichwani. Nikakuta upepo, na kuku waliopita nyuma ya kamera.

"Saa nzima, umeshika hayo tu?"

"Ndiyo, dada."

Akainuka, akaingia ndani. Sijamwona tena.

Diski niliipeleka Mwanza baada ya msiba. Fundi akakaa nayo wiki nzima, akanirudishia, akasema hakuna kinachosomeka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Bila feni inawezekana kwa kadi ndogo, au kubwa uliyoipunguzia nguvu, iliyo wazi, na vile vipande vya pembeni navyo vimepoozwa. Kadi kubwa, imefungiwa, kazi nzito, joto la huku Simiyu: haihimili. Ila kufuta ile memory card hakukuwa kosa la kadi. Hilo ni langu.

Wenye uzoefu nisahihisheni kwenye ufundi, matusi pia nitayasoma. Lakini kama una sauti ya mtu wako mahali pamoja tu, kainakili kwanza, ndiyo urudi kuchangia.