Trei Nne Zilizozibwa Pumzi

Shemeji yake alisimama mlangoni pa duka, mbele ya mteja na mbele ya watu waliokuja kununua mayai, akasema kwamba mayai mia na ishirini yamekufa kwa sababu yeye aliuacha wazi mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga. Hakuuacha wazi. Na shemeji alijua hakuuacha. Hilo ndilo kosa alilotendewa, tena saa tatu asubuhi, mchana kweupe, watu wanasikia.

Walimwita Mama Trei. Hakujaliwa mtoto, na watu hawawezi kumwacha mwanamke wa umri wake bila umama wowote, basi wakampa trei. Shule hakuiona kwa ndani. Kuhesabu alijifunza kwa mayai: thelathini ni trei, trei kumi na mbili ni mashine nzima, siku ishirini na moja ni vifaranga. Hesabu iliyozidi hapo hakuihitaji, na katika hiyo aliyokuwa nayo hakuna aliyewahi kumkosoa.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la nguo. Mumewe, fundi seremala, alilichonga kwa ajili ya harusi yao. Kazi za mbao zilipopungua alizihamishia nguo kwenye sanduku, akaweka rafu sita, balbu, feni ndogo, na mkono wa chuma uliotokeza ubavuni. Ukiuvuta, trei zote zinalalia upande mmoja. Ukiusukuma, zinalalia upande wa pili, mayai yanageuka bila kuguswa. Kisha akachukua keekee akaanza kutoboa matundu, chini na juu. Bwana mifugo alikuwa amepita siku hiyo, akasimama kutazama.

"Mayai yanataka joto," yeye alimlalamikia mumewe. "Sasa unalitoboa kabati langu la nini?"

"Yai linapumua, mama," bwana mifugo ndiye aliyemjibu.

Akacheka. "Na pua yake iko wapi?"

"Lote ni pua."

Akamweleza kwamba ganda lina vitundu maelfu, vidogo jicho halivioni. Kifaranga aliye ndani mapafu yake bado hayajaanza kazi. Anapumua kwa damu. Mishipa yake inatambaa hadi chini ya ganda, inakaa pale ukutani kama watu waliobanwa dirishani, inapokea hewa safi na kutoa ile iliyotumika. Mishipa ikinyimwa hewa, kifaranga anakufa, hata umpe joto la namna gani. Tangu siku hiyo hakulishika yai kama mtu anavyoshika jiwe.

Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Uwanja, mabanda ya kuku na duka la mbele vilikuwa vya mama mkwe. Maneno ya kuongea na wateja yalikuwa ya shemeji, mdogo wa marehemu, maana mdomo alikuwa nao. Yeye alibaki na chumba cha nyuma, kabati, na ufunguo wa kabati, aliouning'iniza shingoni kwa uzi.

Basi mfugaji mmoja mwenye mabanda makubwa aliagiza vifaranga mia tatu. Mashine ilipaswa kujaa. Siku ya kupanga mayai, Mama Trei alipanga trei nane, akaenda kusaga chakula cha kuku. Aliporudi alikuta shemeji amekwisha panga nne zilizobaki, kwenye rafu za juu, kwa nyuma.

"Nimekupunguzia kazi, shemeji," alisema akijifuta mikono. "Pumzika."

Ilimpasa ashtuke hapohapo. Katika miaka sita shemeji hakuwahi kumpunguzia hata kikombe cha kuosha. Lakini mgongo ulikuwa unauma, akashukuru.

Siku ya kumi akafunga dirisha la chumba, akawasha tochi, akaanza kuyamulika mayai moja moja. Trei nane zilikuwa hai. Yai lililo hai ukiliweka kwenye mwanga linakuwa jekundu, limejaa mishipa kama mizizi, na katikati kuna doa jeusi, ndilo jicho, linacheza. Akafika trei ya tisa. Yai la kwanza lilikuwa na pete ya damu, imetulia, hakuna mzizi wala jicho. La pili hivyohivyo. La tatu. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa trei ya kumi na mbili. Mia na ishirini, halikusalia hata moja.

Akatoka kwenda kumwambia shemeji, akamkuta dukani na mfugaji, aliyekuja kuangalia oda yake inaendeleaje. Hata hakumaliza maneno. Shemeji alimtazama usoni, akaelewa, akamwahi.

"Nilijua," alimwambia mfugaji. "Kitasa cha lile kabati kimelegea, kila mtu anajua. Juzi nimeukuta mlango wazi, baridi inaingia. Nikamwonya. Mayai mia na ishirini, ndugu yangu, yamekwenda hivihivi."

Ni kweli kitasa kilikuwa kimelegea, ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri. Lakini yeye aliufunga mlango kwa kitambaa kila siku, mafundo mawili.

"Zilizokufa ziko nyuma," alisema. "Baridi ingeanza na za mbele. Za mbele zote ziko hai."

"Sasa umekuwa daktari," alisema shemeji, na watu wawili watatu wakacheka.

Mama mkwe alikuwa ameketi ndani ya duka, nyuma ya meza. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, umechoka. Hayo mayai kayatupe shimoni yasije yakanuka. Ukimaliza, kabla ya saa sita, niletee ufunguo."

Ufunguo ukitoka shingoni, chumba nacho kingetoka, maana mtu asiye na kazi uwanjani pale hakuwa na sababu ya kulala pale. Hilo halikuhitaji kusemwa. Akageuka, akaenda kuzitoa zile trei nne.

Shimoni, nyuma ya mabanda, alishika yai la kwanza ili alitupe. Mkono ukasita. Kwa siku kumi alikuwa akiyageuza kwa mkono wa chuma, na asubuhi ile alikuwa ameyamulika gizani kwa haraka ya hofu. Sasa jua lilikuwa linaliangukia. Yai lilikuwa linang'aa. Yai la kiotoni halina mng'ao huo. Ganda lake ni kavu, kama chaki. Na hili lilikuwa limekamata vumbi upande mmoja, vumbi limeganda. Akalisugua kwa dole gumba. Dole likateleza.

Mayai ya dukani ndiyo yanayong'aa hivyo. Yale ya kula hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ili yakae wiki nyingi bila kuharibika, maji yasitoke ndani wala hewa isiingie. Kwa yai la kukaanga ni jambo zuri. Kwa yai lenye mtoto ndani ni kumkaba koo.

Akaondoka na mayai mawili ndani ya kanga. Akapita bandani, akachukua moja la moto kutoka kiotoni. Kisha akaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Mke wa shemeji alikuwa kazini kwake, kitambaa mkononi, kibakuli cha mafuta pembeni, anapangusa na kupanga.

"Nipe moja," Mama Trei alisema.

"Makubwa. Mvuvi naye siku hizi ananunua samaki?"

"Leo ananunua."

Mke wa shemeji akampa, akicheka. Maskini, hakujua anachotoa.

Nje, mfugaji alikuwa anamaliza chai yake. Mama Trei alimwendea. "Baba, nipe dakika chache tu. Nataka ukaone kitu jikoni."

Mfugaji aliangalia saa. "Mama, mimi nilikuja kuangalia vifaranga. Sikuja kusuluhisha familia."

"Ni dakika chache."

"Shemeji," alisema shemeji kwa upole, ule upole wake wa mbele ya wateja, "usimchoshe mgeni." Akamshika mfugaji mkono, wakaanza kutembea taratibu kuelekea getini.

Akakimbilia jikoni. Jiko la mkaa lilikuwa limezimika nusu. Akaweka sufuria, akapepea kwa kifuniko, majivu yakamrukia machoni. Maji yalibaki baridi. Akapepea tena. Kutoka getini alisikia wanaume wanacheka, kisha mlango wa gari unafungwa. Aliingiza kidole kwenye maji: vuguvugu tu, hayafai. Kijasho kilimtiririka mgongoni. Akasikia gari linawaka. Akapepea kama mwenye wazimu. Maji yalipofika mahali ambapo mkono unavumilia kwa shida, gari lilikuwa limekwisha kata kona, na saa ya sebuleni ilikuwa imebakiza robo kufika sita.

Akamwita mama mkwe. Shemeji akaja nyuma yake, akaegemea mwimo wa mlango.

"Ufunguo huo hapo mezani, mama," alisema Mama Trei. Alikuwa ameuvua mwenyewe. "Lakini kwanza tazama."

Akamimina maji kwenye beseni. Akalizamisha yai la kiotoni. Halikuchukua muda: kwenye kitako chake, pale penye mfuko wa hewa, vipovu vikaanza kutoka, vyembamba, vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Mama mkwe akainama.

"Hewa ya ndani inapata moto, inatafuta njia ya kutokea," alisema Mama Trei. "Njia ipo. Sasa hili nimelitoa dukani." Akalizamisha yai la mke wa shemeji. Wakangoja. Maji yalitulia juu yake. Hakuna kilichotoka.

"Na haya nimeyatoa katika zile trei nne." Akayazamisha yote mawili. Mama Trei hakutazama beseni, alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa ameacha kuegemea mwimo.

Maji yalibaki kama kioo.

Mama mkwe akatumbukiza mkono, akatoa moja, akalisugua, akanusa kidole. "Haya ni mafuta ya kupikia," alisema.

"Mama, mayai yalikuwa hayatoshi," alisema shemeji. Sauti ya dukani ilikuwa imemtoka. "Zilipungua trei nne. Mteja angekwenda kwingine. Nikachukua za kuuza, ni kuku walewale, majogoo walewale. Mafuta yenyewe kidogo tu."

"Kidogo tu," Mama Trei alisema. "Umeziba pua mia na ishirini, halafu ukanipa mimi msiba."

"Sikujua kama—"

"Siku ya kuzipanga hukujua. Uliponiona naingia dukani ulijua. Ndiyo maana uliniwahi."

Mama mkwe alifuta mkono kwa upindo wa nguo, akauchukua ufunguo mezani, akamvisha shingoni kwa mkono wake. "Kaa nao. Na haya yaishie hapa jikoni."

"Na mfugaji?"

"Kashaondoka."

"Atarudi kuchukua vifaranga. Na wale waliokuwa dukani?"

"Mwanangu, ufunguo si umepata?"

Zilibaki siku kumi na moja, na zote alizipitisha roho juu. Sasa yai moja tu likiharibika, angelaumiwa yeye. Hakwenda mbali na kabati. Siku ya ishirini aliweka sikio kwenye mlango. Hiyo ndiyo siku kifaranga anapotoboa utando na kuingiza mdomo kwenye mfuko wa hewa, anavuta pumzi ya kwanza kwa mapafu yake, angali gizani. Hewa ile ni kidogo, ikimwishia kabla hajalivunja ganda, basi. Alisubiri. Kimya. Feni tu. Akaangalia matundu ya juu, yako wazi. Ya chini, yako wazi. Akarudisha sikio. Na ndipo aliposikia, kutoka ndani kabisa, mlio mmoja mdogo kama mlango wa mbali, kisha mwingine ukajibu. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati la harusi yake, akasikiliza.

Kati ya mayai mia mbili na arobaini walitoka vifaranga mia mbili na ishirini na mmoja. Aliwapanga kwenye makasha ya karatasi ngumu, akayatoboa kila kasha kwa msumari, pande zote nne.

Mfugaji akaja. Watu wa dukani walikuwepo, wengi wao walewale. Shemeji alibeba kasha la juu, akalipokeza.

"Safari hii mlango tuliulinda wenyewe," alisema.

Mfugaji akacheka. Akamgeukia yeye, bila ubaya wowote, akasema, "Pole, Mama Mlango."

Watu wakacheka, na jina likashika palepale. Yeye alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anahesabu makasha. Yalikuwa matano tu, mbele ya macho yake, lakini alihesabu muda wote ule bila kuinua kichwa.

Imepita miaka mitatu. Ufunguo uko shingoni, na vifaranga wanatoka. Sokoni wanamwita Mama Mlango, hata wasiojua mlango gani. Mke wa shemeji bado anapangusa mayai ya kula, na siku hizi trei za dukani zimewekwa alama ya mkaa, shemeji mwenyewe aliziweka, bila kumwambia mtu kwa nini.

Hajaomba fidia wala kupigiwa magoti. Anachodai ni maneno machache: mafuta yalikuwa yangu, mlango ulikuwa umefungwa. Shemeji anayadaiwa, mlangoni palepale pa duka, kwa sauti ileile, mfugaji akiwa amesimama pale alipokuwa amesimama. Na mama mkwe anayadaiwa vilevile, kwa kuwa alinusa kidole chake akajua.