Gauni la Zambarau

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na nusu za alasiri, na ilianza kwa harufu ya kitambaa kipya. Saa naijua barabara kwa sababu Baba alikuwa amenunua saa ya mkono wiki ile, na kila aliyepita barazani kwetu Likoni alisomewa, aulize asiulize.

Harufu yenyewe imenirudia juzi hapa bwenini, tulipogawiwa sketi mpya za shule. Wenzangu walikuwa wakizipima na kuchekana viuno, mimi nimesimama na yangu mkononi kama nina miaka kumi na moja tena. Sasa nina kumi na saba, uhuru tumeupata, na bado kitambaa ambacho hakijafuliwa kinaweza kunikosesha pumzi. Msinicheke. Nitawaeleza.

Nyumbani mimi nilikuwa mtoto asiye na maneno. Ndivyo nilivyojulishwa kwa wageni: "Huyu ndiye Saumu, hana maneno huyu." Mgeni husema mashallah, akanitazama kama anayetazama mtungi usiovuja. Dada yangu Zuhura, aliyenizidi mwaka mmoja, alikuwa na maneno ya watu watatu. Alizungumza akila, akisuka ukili wa mikeka, akichota maji, na Mama alikuwa akisema kwamba mdomo ule haufungiki hata mwenyewe akilala. Zuhura aligombezwa, mimi nikasifiwa. Kweli yenyewe ni kwamba sikuwa mpole, nilikuwa na haya tu. Maneno nilikuwa nayo, yamejaa mpaka hapa kooni, lakini kila nikitaka kulitoa moja nilijiuliza: nikishasema, nitasifiwa kwa lipi? Sura ni Zuhura aliyejaliwa, na hesabu pia.

Alhamisi hiyo Shangazi Riziki, dada yake Baba, alivuka kwa feri kuja kwetu kutoka Changamwe. Mumewe alifanya kazi ya zamu kwenye reli, na watoto Mungu hakuwajaalia. Alikuja na kifurushi cha karatasi ya kaki, na kabla hajaketi vizuri alikuwa amekwisha kukifungua. Lilikuwa gauni la maua ya zambarau, mikono imevimba begani, gumu bado kwa wanga wa dukani.

"Njoo, Saumu mwanangu, lipime."

Nikalipima. Nguo ya shangazi haikataliwi, tena mbele ya watu. Akanizungusha, akanifunga kishikizo cha shingoni, halafu akamgeukia Baba. "Ndugu yangu, huyu mtoto nipe mie."

Kwetu sisi, dada mtu akimwomba nduguye mtoto amlee, ndugu hana pa kutokea. Kinachobaki ni mtoto mwenyewe kuulizwa, na hilo nalo lina utaratibu wake. Huulizwa mara moja tu. Akilia, au akikimbilia mgongoni kwa mama yake, hajataka, na watu hucheka yakaisha. Akiinamisha kichwa, amekubali.

"Saumu," akasema Baba, "utakwenda kukaa na shangazi yako?"

Nikainamisha kichwa. Wallahi sikuwa nimekubali. Niliinama kwa sababu watu wazima watatu walikuwa wakinitazama kwa pamoja, na kile kishikizo kilikuwa kikinikaba. Ndani yangu nilikuwa nikisema sitaki, sitaki, kwa sauti kubwa kiasi kwamba nilishangaa wao hawaisikii.

"Amekubali," akasema Shangazi, machozi yakimlengalenga.

"Hatakuudhi, dada," akasema Baba kwa fahari. "Hana maneno huyu."

Mama sasa alikuwa akiutazama mkeka. "Mtaondoka lini, wifi?"

"Kesho asubuhi, inshallah."

Basi likapita hivyo. Nikaambiwa nisilivue gauni, majirani waje wanione. Wakaja. Huyu akanibana shavu, yule akaniambia nimebarikiwa, mwingine akauliza kama kule Changamwe nitawasahau. Nilikuwa nikiinama kila mara, na kila nilipoinama niliona kama nafungwa kishikizo kingine. Msidhani hawakunipenda. Walinipenda wote, na hapakuwa na hata mmoja wa kumkasirikia.

Jioni tuliosha vyombo nyuma ya nyumba, mimi na Zuhura. Alikuwa kimya, nikaanza kuogopa.

"Una bahati wewe," akasema mwishowe.

"Bahati gani?"

"Ya kutakwa. Mie nani atanitaka na mdomo huu? Kule treni zapita dirishani, Saumu. Ningekuwa mie ningezipa majina zote."

"Kwani wataka kwenda?"

"Kwani nimeulizwa?" Akalitupa jivu la kusugulia kwa hasira, likamrudia usoni.

Ndani, Shangazi alikuwa akimwambia Mama habari za kwake. Mume akirudi zamu hulala. Majirani ni watu wa bara, wema, lakini wana lugha yao. "Wifi, mle ndani nikisema neno lanirudia mwenyewe. Juzi nimejikuta naisemesha sufuria." Mama akacheka. Shangazi hakucheka. Nami nikiwa kizingitini na gauni langu nikatuona sote wawili huko Changamwe, yeye akingoja niseme kitu, mimi nikiinama, na sufuria katikati yetu.

Kwa miaka niliamini kwamba jioni ile wazazi wangu walinitoa. Nimekuja kuelewa nikiwa mbali nao, humu bwenini, ambamo kwa muhula mzima nilikula mkate mkavu kwa kuona haya kuomba siagi ipitishwe upande wangu. Wazazi wangu walidhani wamenisikia. Mtu asiposema, wengine humsemea, na mara nyingi humsemea kwa nia njema. Lililonichukua muda zaidi ni la Shangazi. Mwanamke aliyekuwa na njaa ya mazungumzo alivuka bahari kuja kuomba mtoto bubu. Kwa nini? Nadhani alikuwa na haya kama mimi. Alimchagua yule asiyeweza kumwambia hapana.

Lakini asubuhi ile ya Ijumaa sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba Baba alikuwa barazani akiwatangazia wapita njia kuwa ni saa kumi na mbili na nusu, na kwamba tukishakunywa chai tutashuka ferini. Nikalivua gauni. Nikalikunja kama lilivyokuja, nikaenda nalo jikoni. Shangazi alikuwa peke yake juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujavaa?"

Nikamnyooshea gauni kwa mikono miwili. "Shangazi, sitaki kwenda."

Neno lilitoka kwa kishindo kikubwa kuliko nilivyokusudia, kuku wakatawanyika. Shangazi hakunitazama. Aliendelea kukuna, ingawa nazi ilikuwa imekwisha na mbuzi ikikwaruza kifuu kitupu. Miguu yangu ilitaka kukimbia, na ingekimbia, lakini nilikuwa na neno jingine.

"Muulize Zuhura."

"Zuhura?" Mkono ukasimama. "Zuhura ana maneno yule."

"Ndiyo, Shangazi. Hanyamazi hata akilala."

Akakiweka kifuu chini, akajifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja baada ya kingine. Alipoinua uso niliona hakukasirika. Aliogopa.

"Na akinikataa naye?"

Nililiweka gauni mapajani mwake, nikaenda kumwamsha Zuhura.