Kisogo cha Cliff Entwistle

Hapa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, hakuna mwanamume wa mtaa wetu aliyetazamwa na watu wengi kama Cliff Entwistle, na karibu wote wamemtazama kisogo.

Siku za kazi Cliff alikuwa fundi wa maboila ya shule, ile mitambo ya kupasha joto madarasa. Alikuwa akilala chali chini yake na kurudi nyumbani mweusi kama mfuko wa mkaa. Jumamosi jioni alivaa koti jeusi na kupiga gitaa la besi katika bendi iitwayo Kantini Baridi.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1979, viwanda vya pamba vikifungwa kimoja baada ya kingine. Vijana walivaa makoti ya babu zao wakaimba juu ya kutu, mvua na maisha yasiyo na maana. Mwimbaji wao, Julian Hesketh, aliimba njaa kwa uchungu hata ukatamani kumpelekea sahani ya viazi. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na kwao walikuwa na bustani mbili, ya kwanza ya maua na ya pili ya farasi. Lakini sauti ni karama, na karama haimuulizi mtu amekulia wapi.

Shida ya Cliff ni kwamba Mungu alimuumba mchangamfu. Akigusa tu zile nyuzi nene, uso wake unafunguka. Shoo yao ya kwanza ilikuwa katika ukumbi wa kanisa letu la Kimethodisti. Julian alikuwa amepiga magoti, anamlilia ndugu yake aliyekufa (hajawahi kuwa na ndugu), na pembeni yake Cliff anatabasamu kama mtu aliyeona pai ya nyama ikitolewa ovenini.

"Geukia ukutani, wewe!" Julian alimnong'oneza. "Unaniharibia huzuni!"

Cliff akageuka, na hakugeuka tena. Enzi zikapita, viongozi wa nchi wakaja na kwenda, yeye yuko vilevile na mgongo wake.

Wenye elimu wakaanza kuandika. Gazeti moja la muziki lilisema mgongo ule ni mfanyakazi anayeikataa serikali. Bwana mmoja wa chuo kikuu aliuandikia sura nzima ya kitabu. Kitabu hicho kiko kwa mama yake Cliff, Bi Nellie. Ni kizito, kinazuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo.

Kantini Baridi walikuwa na desturi moja ambayo wote waliiogopa. Julian hakuwahi kumtengenezea mtu chai. Yeye alikuwa wa kutengenezewa. Ila akitaka kumfukuza mtu hakuwa na ujasiri wa kusema, basi baada ya shoo angechukua birika, ammiminie chai kwa mkono wake na kumkabidhi kikombe. Ukiona hivyo, kunywa, kunja nyaya zako, nenda nyumbani. Wapiga gitaa waliondoka hivyo, na wapiga ngoma sijui wangapi, hadi wakabaki Julian, Cliff, na Moira wa ngoma, muuguzi mstaafu ambaye haogopi kitu, na chai hanywi, yeye ni wa kahawa.

Mashabiki nao walizeeka. Makoti meusi hayafungiki tena matumboni, na wengi huomba viti kwa sababu ya magoti. Kiwanda kile walichokililia kwenye nyimbo kimegeuzwa nyumba za kifahari, na wale wale waliokililia ndio wamehamia humo. Wanasema madirisha ni mazuri sana.

Basi mwaka jana macho ya Bi Nellie yakaanza kuzimika. Daktari alimwambia hakuna la kufanya, nuru itaendelea kupungua. Jumapili ile, tukinywa chai kwake baada ya ibada, yeye, Cliff na mimi mwenzake wa kanisani, alimgeukia mwanawe.

"Clifford, nataka kuuona uso wako ukiwa kazini. Kabla sijapofuka."

"Si unaniona hapa, Mama?"

"Hapa nakuona unatafuna. Nataka kukuona unapiga hilo ligitaa lako. Siku ile ya kanisani nilifika nimechelewa, nikakuta kisogo. Hadi leo ni kisogo."

"Nikigeuka nitafukuzwa, Mama."

"Ukifukuzwa utakufa?"

Cliff alizungusha kikombe mezani. "Wiki nzima nilikuwa nikilala chini ya maboila. Hata sasa nimestaafu, ile saa moja ya Jumamosi ndiyo yangu. Sina nyingine."

Bi Nellie alipapasa meza akitafuta biskuti, mkono ukapita pembeni ya sahani. Cliff aliuona ule mkono. Kesho yake alikwenda kwa Julian kuomba ruhusa, na aliyoyapata huko alinisimulia mwenyewe.

"Ndugu yangu," Julian alimwambia, "mgongo wako si wako tena. Ni wa historia."

"Mama yangu anapofuka, Julian."

"Nimeumia sana. Nitamtungia wimbo."

"Hataki wimbo. Anataka kuona uso."

"Mwonyeshe nyumbani."

"Nyumbani sipigi besi, majirani wanagonga ukuta."

Julian akavaa miwani yake myeusi, ingawa nje kulikuwa na mvua. "Cliff, nakupenda. Lakini ukigeuka Jumamosi, nitakumiminia chai mwenyewe."

Jumamosi ilipofika nilimpeleka Bi Nellie. Shoo ilikuwa katika kiwanda kile kile, ukumbi wa chini ya nyumba za kifahari. Tulikaa mstari wa mbele, blanketi magotini, mfuko wa peremende katikati yetu. Wimbo wa kwanza, kisogo. Wa pili, kisogo. Kulipotulia kidogo Bi Nellie alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Hicho nakijua. Nilikuwa nakinyoa mwenyewe."

"Shhh!" mtu akasema nyuma yetu.

"Shhh mwenyewe! Yule ni mwanangu."

Nikaona mabega ya Cliff yakitikisika. Julian alikuwa ameanza wimbo wa lango la kiwanda, ule mrefu kuliko zote, ameshika kichwa kama mtu anayeumwa jino. Hapo Cliff akageuka. Akageuka mwili mzima, akasogea hadi ukingo wa jukwaa penye mwanga wa taa, akampigia mama yake besi, uso wote ni meno na machozi na furaha.

Bwana mnene wa pembeni yangu alianza kulia. "Maumivu gani haya!"

"Ni furaha, baba," nikamwambia.

"Hapana, mama, wewe huelewi. Hiyo ni furaha ya mtu aliyekata tamaa kabisa."

Sikubishana naye. Nilimpa peremende.

Bi Nellie alikuwa ameinua kichwa na kukiinamisha upande, maana anaona kwa pembeni tu. Alitazama wimbo wote bila kupepesa. "Ana meno ya baba yake," alisema mwishowe. "Sikujua. Hajawahi kucheka hivi nyumbani."

Baada ya shoo tuliingia chumba cha nyuma. Julian alikuwa amesimama, birika mkononi. Moira ameinamisha macho. Cliff amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anasubiri chai yake. Bado alikuwa na tabasamu, ila lilikuwa linatetemeka.

Bi Nellie alipapasa njia hadi kwa Julian, akalitwaa birika.

"Lete hapa, mwanangu. Umelia saa nzima, umechoka."

Akajaza kikombe, akatia maziwa, akamkabidhi Julian kwa mikono miwili.

"Haya, Julian," Moira alisema, akiweka chini vijiti vyake. "Ulikuwa mwimbaji mzuri."

"Hapana, hapana! Bibi hajui maana ya—"

"Najua sana," alisema Bi Nellie. "Clifford amenisimulia kila uliyemnywesha. Kunywa, isipoe."

Huku kwetu mtu aweza kukataa serikali, akakataa hata maana ya maisha. Chai aliyomiminiwa na bibi kizee hawezi kuikataa. Julian akanywa yote.

Walipokutana tena kwa mazoezi, mlango uligongwa. Julian hakuwahi kugonga mlango. Alisimama kwenye mvua, akauliza kama wanahitaji mwimbaji. Moira akamtaka aimbe kidogo kwanza, wamsikie. Cliff akamhurumia.

"Ingia, bwana. Ila mimi sigeuki tena."

"Sawa," Julian akasema, akakaa karibu na mlango.

Shoo iliyofuata Cliff aliwatazama watu, anacheka. Julian, kwa aibu, aliimba ameukabili ukuta. Gazeti likaandika kwamba baada ya miaka yote hii Kantini Baridi wamefika kilele cha huzuni, na kwamba mgongo wa mwimbaji unasema yale ambayo maneno hayawezi. Nasikia yule bwana wa chuo kikuu anaandika kitabu cha pili.

Nilimsomea Bi Nellie habari hiyo. Sasa haoni kitu, ila kila Jumapili ananisimulia yale meno.

"Mama yake Julian bado yuko hai?" aliniuliza.

"Yuko."

"Maskini. Mwambie akitaka kuuona uso wa mwanawe, aende na birika."